Kitone chekundu cha Kurt Albert: tunawafundishaje vijana bila kukigeuza mashindano ya namba?

mwalimu_wa_kamba:

Wakuu, habari za leo.

Ninafundisha kundi la vijana wa miaka 13 hadi 17 wanaokwea miamba kwa kamba. Kamba ya juu (iliyokwisha kufungwa juu ya njia) wameshaizoea, sasa wanaongoza wenyewe, kamba ikitoka chini. Kila mmoja analijua neno "kitone chekundu", lakini kwao maana yake ni namba ya ugumu wa njia tu: nimepata daraja la saba, nimepata la nane. Asili ya kitone hawaijui, na sharti lenyewe wanalivunja bila kujua.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie haya. Kurt Albert, yule mkwezi Mjerumani, alimaanisha nini hasa alipoanza kuchora kile kitone, na masharti yake ni yapi? Kujining'iniza kwenye kamba ili kufanya mazoezi ya sehemu ngumu ni udanganyifu au siyo? Na ukutani kwenyewe nianze na lipi, nifuate na lipi?

Maneno ya kuhamasisha ninayo ya kutosha, nataka vitu vya kushika mkononi.

---

tundu_la_chokaa:

Mkuu, tuanze na mwamba wenyewe, maana fikra za yule bwana zilizaliwa kwenye kuta zilizokwisha kujazwa chuma. Frankenjura, kaskazini mwa Bavaria, ni chokaa. Kuta zake ni fupi, zimetoboka matundu ya kuingiza kidole kimoja, viwili au vitatu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 njia nyingi ngumu za pale zilipandwa kwa kuvuta misumari ya mwamba, au kwa kutundika vingazi vya utepe na kusimama juu yake. Ukipigilia msumari kila baada ya mita moja, hakuna ukuta usiopandika. Unahitaji nyundo na subira, basi.

Albert alizaliwa Nuremberg mwaka 1954. Mwaka 1973 alitembelea miamba ya mchanga ya Elbe huko Saxony, wakati huo ikiwa Ujerumani Mashariki, akakuta wakwezi ambao tangu kizazi cha mababu zao pete ya chuma kwao ni ya kumdaka anayeanguka, siyo ngazi. Aliporudi nyumbani hakwenda kutafuta kuta mpya. Alizirudia zile zile za zamani. Msumari ambao hakutaka kuushika wala kuukanyaga aliutia alama ya X nyekundu. Siku alipoweza kuipanda njia nzima kwa mikono na miguu juu ya mwamba tu, alichora kitone chekundu chini yake. Kwa Kijerumani ni Rotpunkt. Hiyo ilikuwa mwaka 1975, na njia iliyopata kitone cha kwanza ni Adolf-Rott-Gedächtnisweg, kwenye jabali la Streitberger Schild.

Waonyeshe vijana wako mambo mawili hapo. La kwanza: njia ile haifiki hata daraja la saba. Kitone cha kwanza hakikuwekwa kwenye njia ngumu kuliko zote, kwa hiyo anayesema kitone ni namba amekosea tangu mstari wa kwanza. La pili, na kwangu hili ndilo kubwa: msumari ungeweza kubaki pale pale ulipo. Kamba inapita humo humo, na ukianguka unadakwa nao. Kilichobadilika ni kazi ya msumari. Albert alijiwekea sharti yeye mwenyewe, mwamba akauacha kama alivyoukuta. Ndiyo maana wazo lile lilienea upesi: hakumwomba mtu ruhusa ya kung'oa chochote, na kitone kilichochorwa chini kilikuwa kinamwambia anayefuata kwamba hapa panapitika bila kuvuta chuma, jaribu na wewe.

Ukumbuke pia kwamba ngazi ya madaraja ya UIAA (shirikisho la kimataifa la wakwezi) wakati huo ilikuwa na kikomo, yaani la VI, lililohesabiwa kuwa mwisho wa uwezo wa binadamu. Kikomo kilivunjika baada ya mwaka 1977, Helmut Kiene na Reinhard Karl walipoipanda Pumprisse katika milima ya Kaiser, Austria, na kuipa daraja la VII. Kwa hiyo mtu wa 1975 hakuwa na namba kubwa ya kukimbilia. Alikuwa na swali la namna ya kupanda.

Masharti yanavyoshikwa leo: unaongoza, yaani kamba inatoka chini nawe unaichomeka mwenyewe kila ulinzi unapoufikia. Unaanzia ardhini na kuishia kwenye nanga ya juu, yaani chuma cha mwisho wa njia. Huanguki, huketi kwenye kamba, hushiki chuma wala utepe. Unaruhusiwa kuwa umeifanyia njia mazoezi mara mia. Ukiipanda mara ya kwanza kabisa bila kuambiwa chochote wala kumwona mtu akiipanda, hiyo ni onsaiti. Ukiwa umeelekezwa au umetazama wengine, ni flashi. Zote mbili zina hadhi kubwa kuliko kitone, ila nafasi huwa ni moja tu, ukiipoteza imepotea.

Zamani mkwezi alitakiwa pia atundike viunganishi mwenyewe huku akipanda (nikisema kiunganishi nina maana ya zile karabina mbili, yaani pete za chuma zenye mlango, zilizoungwa kwa utepe). Vikiwa vimeshatundikwa, waliita kitone cha waridi. Leo wengi hawatofautishi, na mimi sioni haja ya kuwasumbua vijana kwa hilo. Waambie tu wataje kama vilikuwepo, kwa sababu kwenye ukuta uliobinuka kutundika kiunganishi kwa mkono mmoja kunakula nguvu nyingi.

---

fundo_nane:

Hapo juu pamekaa sawa. Nachukua swali la pili na la tatu.

Kujining'iniza kuliwagombanisha watu vibaya, hasa Marekani miaka ya 1980. Waliopinga walikuwa na mtindo wao: ukianguka unashushwa chini papo hapo, hakuna kuketi kwenye kamba kuchunguza vishikio. Sawa, lakini kamba waliiacha imechomekwa kwenye ulinzi wa juu kabisa waliofikia. Jaribio lililofuata likawa ni kamba ya juu mpaka pale. Sasa nani hasa alikuwa anadanganya? Kitone kinaufunga ubishi huo kwa sharti moja dogo: kabla ya jaribio, kamba inavutwa yote. Mazoezi fanya utakavyo, ketia kamba nusu saa ukitaka. Kinachohesabiwa ni lile jaribio moja linaloanza na kamba iliyolala chini.

Wafundishe hilo kama tendo la mwili. Kijana ameanguka kwenye bolti (chuma cha ulinzi kilichofungwa mwambani) ya tano, ameshuka, anataka kujaribu tena: avute kamba, ifungwe upya, akague fundo, mshika kamba akague kifaa cha breki. Asipoivuta hayo ni mazoezi, hata akifika juu bila kuanguka.

Namna ya kuifanyia kazi njia. Chukua mfano wa njia ya mita 20, bolti 7, mienendo 26 (hatua za kupanda).

Siku ya kwanza apande bolti hadi bolti. Anachomeka, anaketi kwenye kamba, anatazama sehemu inayofuata. Kwa kila mwendo anatafuta mguu kwanza, mkono baadaye. Vijana hufanya kinyume, halafu wanalalamika kwamba kishikio ni kibaya wakati tatizo ni mguu uliowekwa sentimita kumi chini ya mahali pake. Vishikio asafishe kwa brashi ya nailoni au ya manyoya ya nguruwe, kamwe si ya waya, maana waya hula chokaa na mchanga hadi kishikio kinakuwa laini kama sahani. Akiweka alama ya chaki kuonyesha kikanyagio kilichofichika, iwe mstari mfupi, na aufute kabla ya kuondoka. Ukuta uliojaa mistari ya chaki unamnyima mwingine onsaiti yake.

Ajue pia mahali pa kupumzika bila kuketi. Tuseme baada ya mwendo wa 9 kuna rafu ya kusimama vizuri, na baada ya wa 17 kuna tundu kubwa la kushika kwa mkono mmoja huku mwingine ukitikiswa. Njia imegawanyika yenyewe: 1–9, 10–17, 18–26.

Siku ya pili ndipo wengi wanapokosea. Wanaanza chini kila mara, wanaanguka mwendo wa 15, wanashuka, wanaanza tena chini. Baada ya wiki mbili wanaijua 1 hadi 14 kama jina lao, na 18 hadi 26 wameigusa mara moja tu, siku ya kwanza. Siku wakipenya sehemu ngumu wanafika juu mikono imejaa, hawakumbuki hata mguu wa kuanzia. Fanya kinyume. Kwanza aunganishe 18 hadi nanga bila kuketi. Kisha aanzie 15 hadi nanga, kisha 10 hadi nanga, kisha 7. Kila kipande kimlalie mwenzake kwa mienendo miwili au mitatu, kwa sababu mahali pa kuungana ndipo pumzi inapokatika. Akiweza kutoka mwendo wa 7 hadi juu, kitone kiko karibu.

Kuchomeka kamba nako ni mwendo, kuwe na hesabu yake: mkono gani unashika, mguu uko wapi, kiunganishi kiko urefu gani. Wengi hawaanguki kwenye kishikio kigumu, wanaanguka wakihangaika na karabina.

Kati ya jaribio na jaribio apumzike dakika 30 hadi 45. Mikono ya mbele ikiwa bado migumu ukiibinya, bado. Majaribio mazuri kwa siku ni mawili au matatu. La nne huwa ni kuchubua ngozi tu.

---

mshika_kamba:

Hayo yote ni ya anayepanda. Niongeze upande wa pili wa kamba, kwa sababu falsafa ya "ulinzi ni wa kudaka tu" ina maana iwapo ulinzi unadaka kweli. Bolti tatu za kwanza ndizo za hatari.

Hebu tupige hesabu. Bolti ya kwanza iko mita 3, ya pili mita 5, ya tatu mita 7. Kijana kiuno chake kiko mita 5.8, anaiona ya tatu juu ya kichwa, anavuta kamba ili achomeke mapema kwa kuwa anaogopa. Mkono unateleza. Kamba iliyopita bolti ya pili ni mita 2 za kupanda hadi kwenye mkono wake, na mita 1.2 za kurudi kiunoni. Jumla 3.2. Kiuno kinashuka hadi 5 toa 3.2, yaani mita 1.8. Ongeza kunyumbuka kwa kamba na mshika kamba kuinuliwa kidogo, tuseme mita 1: kiuno kiko sentimita 80 kutoka ardhini. Miguu imeshagonga.

Mwenzake anapanda mienendo miwili zaidi, anachomeka bolti ikiwa usawa wa kiuno, mita 7. Akiteleza hapo hapo kabla hajachomeka, kamba iliyopita bolti ya pili ni mita 2 tu. Kiuno kinashuka hadi mita 3, toa ile moja ya kunyumbuka, mita 2. Miguu iko mita moja hewani.

Wote wawili wameanguka mita 4 zile zile. Mmoja amevunjika kifundo cha mguu, mwingine anacheka. Chora hii ubaoni, vijana hawataisahau.

Kwa hiyo: kuchomeka kiunoni ukiwa umesimama vizuri, siyo kichwani ukiwa unatetemeka. Na mshika kamba, hadi bolti ya tatu, asimame karibu na ukuta, kando kidogo ya mstari wa kuanguka, kamba ikiwa na ulegevu mdogo sana. Akisimama mita tatu nyuma, mdondoko utamburuta hadi ukutani, na hizo mita tatu zinakwenda kwa anayeanguka. Uzito ukitofautiana sana, mfano kilo 45 anamshikia wa kilo 70, kuna kifaa cha kuongeza msuguano kinachofungwa kwenye bolti ya kwanza. Kitumie. Usimwache mtoto arushwe hadi kwenye bolti.

Makosa mengine ya kukagua kila siku: kamba iliyochomekwa kinyume (itoke upande wa ukuta, ije nje kwako, ikiingia kinyume, ukianguka inaweza kulala juu ya mlango wa karabina na kujifungua), kamba iliyovutwa kutoka chini ya kiunganishi kilichotangulia, ukachomeka juu, ikafanya umbo la Z isiende tena, kamba nyuma ya mguu, ambayo inakupindua kichwa chini. Na mwisho wa kamba upigwe fundo siku zote. Kamba ya mita 60 inatosha njia ya mita 30 kwenye karatasi. Mwambani, njia iliyoandikwa 30 inaweza kuwa 32, na kushushwa hadi mwisho wa kamba ukachomoka ni ajali ya kizembe.

Viunganishi vinavyoachwa ukutani muda wote, vitazame kabla ya kuviamini. Karabina iliyolika kwa kamba hufanya mfereji wenye kingo kali kama kisu, hasa ile ya bolti ya kwanza. Kamba inaweza kukatika hapo.

Kuanguka nako kufundishwe, kwa ngazi. Baada ya bolti ya tano au zaidi, ukuta ukiwa umebinuka kidogo na hauna rafu: kwanza kiuno kikiwa usawa wa bolti, kisha magoti, kisha miguu. Majaribio matatu manne kila mara, na mshika kamba aruke kidogo kamba inapokaza ili kijana asipigwe ukutani. Ukikaza kamba kama kigingi, mpandaji mwepesi anazunguka na kupiga kisigino.

---

mchanga_wa_elbe:

Nampongeza tundu_la_chokaa kwa kutaja Saxony, lakini amepita mbio. Vijana wakidhani yote yalianza 1975 watakuwa wamekata hadithi katikati. Kanuni za miamba ya Elbe zilikuwa zinaandikwa tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na jina la kukumbuka ni Rudolf Fehrmann. Mwaka 1911 kule Alps, Paul Preuss alikuwa anabishana waziwazi na wakwezi wenzake kwamba msumari uwe wa dharura tu, na kwamba usipande mahali usipoweza kuteremka mwenyewe. Alikufa 1913, akipanda peke yake. Albert alirithi mjadala uliokuwepo. Yeye aliongeza kipimo rahisi ambacho kila mtu angeweza kukihakiki.

Na kuna tofauti ambayo ni haki kuitaja. Saxony, kuketi kwenye pete ili kupumzika kulikubalika kwa muda mrefu, mradi hujivuti nayo kwenda juu. Ndiyo maana vitabu vya njia vya huko hutaja daraja la kawaida, na pengine kando yake daraja lenye herufi RP (Rotpunkt) kwa anayepanda bila kuketi. Sharti la kupanda kwa mfululizo ndilo lililotoka Frankenjura, halafu likarudi kulikotoka lile wazo la kwanza. Hata watu walikutana: Albert na mkwezi mwenzake Wolfgang Güllich walipanda pamoja na Bernd Arnold wa Saxony kwenye mnara wa kati wa Torres del Paine, Chile, mwaka 1991.

Kanuni za huko zinafundisha jambo ambalo bolti haifundishi. Hakuna chaki. Hakuna kabari za chuma wala zile zenye springi, kwa sababu mchanga ni laini na chuma kinaumega. Mwamba ukiwa na maji haupandwi kabisa: mchanga ukilowa hupoteza nguvu, kishikio kinakatika pamoja nawe. Ulinzi kati ya pete na pete ni mafundo ya kamba au utepe unaoyapachika kwenye ufa.

Hili unaweza kuwafundisha vijana wakiwa chini, bila kupanda. Chukua kamba ya milimita 8, funga kitanzi chenye fundo nono. Kaza fundo kwa uzito wa mwili wako wote kabla ya kuondoka ardhini. Fundo lililolegea linaonekana nene, ukianguka linajikaza, linakuwa dogo, linachomoka. Tafuta mahali ufa unapobana kuelekea chini, ingiza fundo juu ya mbano, lisukume kwa kijiti cha mti hadi likae na kugusa pande zote mbili, kisha livute kwa nguvu kuelekea chini. Likisogea hata kidogo, badilisha saizi. Mwisho ongeza utepe mrefu kati ya fundo na kamba yako, kwa sababu kamba ikitikisika unapopanda italing'oa kwa kuliinua.

Kijana akikaa dakika kumi akitafuta mahali pa fundo moja, ataanza kuuangalia mwamba badala ya kuangalia namba kwenye kitabu.

---

mwalimu_wa_kamba:

Asanteni sana wakuu, ile hesabu ya mita 4 naichora kesho.

Nimebakiwa na mawili. Wakubwa kati yao wanataka ubao wa kampasi wa Güllich (ule wa kupanda kwa vidole tu, miguu ikining'inia) kwa sababu wamesikia ndio siri yake. Niwaruhusu? Pia kuna suala la kushika kiunganishi: kijana amefika kwenye nanga, mikono imeisha, anashika kiunganishi cha nanga kisha anachomeka kamba. Ni kitone au siyo?

---

kidole_cha_pete:

Ubao: hapana, kwa umri huo.

Güllich aliujenga mwaka 1988, Nuremberg, akiwa mtu mzima aliyekwea kwa miaka mingi. Mazoezi yake yalielekea Action Directe, aliyoipanda 1991 huko Frankenjura, njia ya kwanza duniani kupewa 9a (daraja la mfumo wa Kifaransa): ukuta uliobinuka sana, unaanza kwa kuruka na kudaka tundu la vidole viwili. Ubao ulikuwa dawa ya tatizo hilo mahususi. Kijana wa daraja la saba hana tatizo hilo. Tatizo lake ni miguu.

Sababu ya kitabibu ni nzito zaidi. Mfupa wa kidole kwa anayekua una sahani ya ukuaji, ambayo ni dhaifu kuliko kano zilizoizunguka. Mtu mzima akizidisha huumia utepe unaoshikilia kano. Kijana huvunjika ile sahani, mara nyingi kwenye mfupa wa kati wa kidole cha kati au cha pete, na hutokea polepole bila ajali yoyote. Dalili: maumivu upande wa juu wa kiungo cha kati cha kidole, uvimbe mdogo, na yanazidi anapobana kishikio chembamba kwa vidole vilivyokunjwa. Akisema hivyo, mazoezi yanasimama siku hiyo hiyo na anapelekwa kupigwa picha ya eksirei. Kumfunga plasta ya michezo na kuendelea ni kumharibia kidole: sahani ikiungana vibaya, kiungo kinaweza kubaki kimepinda maisha yote. Ikigunduliwa mapema, kupumzika wiki kadhaa hadi miezi michache kwa kawaida hutosha.

Hatari ni kubwa zaidi kipindi anachorefuka haraka. Mpime urefu kila mwezi, akirefuka ghafla punguza vishikio vyembamba. Wape mashiko ya vidole vilivyonyooka, vishikio vikubwa, kazi ya miguu, na njia nyingi rahisi za aina mbalimbali. Ubao usubiri hadi mifupa iache kurefuka.

---

tundu_la_chokaa:

La kiunganishi: siyo kitone. Kile kiunganishi ndio ule msumari wenye X, tofauti ni kwamba kinang'aa. Njia inaisha kamba ikishachomekwa kwenye nanga huku mikono iko kwenye mwamba. Kushika nanga *baada* ya kuchomeka hakuna shida.

Ila usimfundishe aogope kushika kiunganishi wakati kuna hatari. Kama akianguka atapiga rafu au ardhi, ashike, ajiokoe, jaribio lingine atavuta kamba na kuanza upya. Kuna namna ya kushika: utepe, kwa kiganja chote. Asipitishe kidole kwenye karabina kamwe, kidole kinaweza kunaswa mwili ukaenda. Na asishike utepe huku mkono mwingine umeshavuta kamba ndefu juu, maana akiachia hapo anaanguka na ulegevu wote ule. Ashike, atulie, amwite mshika kamba akaze, ndipo achomeke.

Kwenye daftari la kundi weka safu tatu: onsaiti au flashi, kitone, na "niliketi". Hiyo ya tatu isiwe ya aibu. Andika pale ni bolti ya ngapi aliketi na kwa nini: mguu, kuchomeka, pumzi, hofu. Baada ya miezi miwili utaona mwenyewe nani anahitaji mazoezi gani, na safu ya daraja unaweza kuiacha tupu kabisa.